Filamu Aliyoipenda Mzee Uthman

Nianze na kikombe, maana ndicho kilichoniuma kuliko maneno yote niliyoambiwa tangu nihamie Kampala.

Siku Shakib aliponipeleka kwao Ntinda kunitambulisha, tulikaa sebuleni watu wanne: yeye, mimi, dada yake Naila, na baba yao, Mzee Uthman. Mzee ana duka la kanzu na mikeka karibu na soko la Nakasero, na jioni huwafundisha watoto wa mtaa wao kusoma Kurani. Mababu zake walitoka pwani wakifanya biashara, wakaipenda nchi, wakabaki. Chai ikaja. Wao wakamiminiwa kwenye vikombe vya maua vilivyoachwa na marehemu mama yao. Mimi nikamiminiwa kwenye kikombe cha plastiki, vile vya kununua kwa paketi. Naila alinikabidhi bila kunitazama usoni, masikini, aliona aibu kuliko mimi. Nikainywa chai yote. Nilipoweka kikombe chini, Mzee akamwambia binti yake kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hicho katupe nje."

Si kwenye pipa la jikoni. Nje.

"Nisamehe, Vera," Shakib aliniambia tulipofika barabarani. "Baba anaamini kila Mkristo wa Kampala mdomo wake umetoka kwenye nyama ya nguruwe."

"Na wewe ukakaa kimya."

"Nilikaa kimya," akasema.

Nilimnunia wiki nzima. Halafu akaja kunisubiri nje ya kazini, amesimama juani na shati lake la bluu, ananitazama kwa yale macho yake yanayoomba kabla mdomo haujafunguka, nami hasira zangu zote nilizokuwa nimezitunza vizuri zikaniponyoka. Nampenda yule mwanamume. Sasa nifanyeje?

Wala msidhani upande wetu ni malaika. Mama yangu Kisumu aliposikia jina Shakib alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akaniita kwa jina langu la nyumbani, akasema, "Awiti, huyo mtu wako sebuleni kwangu hatakanyaga," akakata kweli.

Kazi yangu ni sauti. Kampala watu kama sisi wanatuita VJ: filamu inachezwa, wewe umekaa na maikrofoni, unapunguza sauti ya waigizaji na kusema maneno yao kwa lugha ya watazamaji, papo hapo, mume wewe, mke wewe, mtoto wewe, polisi wewe. Wengi hufanya kwa Kiganda. Mimi nafanya kwa Kiswahili, Jumapili alasiri, kwenye ukumbi mdogo wa Darlène pale Bugolobi, ambako wanakuja Wakenya wenzangu, Wakongo, na wafanyabiashara wa kila aina. Darlène ni Mkongo, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachosikika mpaka ghorofa za jirani, na ndiye aliyenipa kibanda changu: chumba cha mbao nyuma ya ukumbi, kina kioo cha mbele, meza, na kiti kimoja. Watazamaji wanasikia sauti tu. Mwenye sauti hawamwoni.

Jumapili hiyo niliyokuja kuwasimulia, filamu ilikuwa ya zamani sana, nyeusi na nyeupe. Watu wanaiita ile ya Fundi Saa. Aliyeiomba ni Mzee Uthman mwenyewe. Alikuwa ameiona ujanani, hapa hapa Kampala, akaipenda kupita kiasi, na aliposikia kuna ukumbi unaonyesha filamu za kale kwa Kiswahili, akamtuma Shakib amwombe Darlène. Hakujua VJ ni nani.

"Nimemwona," nikamwambia Shakib alipojipenyeza kibandani kabla hatujaanza. Kibanda chenyewe watu wawili hawatoshi bila kugusana. Alinukia udi, wa nguo za Ijumaa. "Mstari wa mbele, na kofia mpya. Kakaa wima tangu saa nane, utadhani filamu itamkimbia."

"Hajalala kwa furaha. Asubuhi nzima anatusimulia, mimi na Naila, hadithi tunayoijua tangu tunanyonya." Akanishika vidole. "Vera, leo ndiyo leo. Ijumaa wazee wanakwenda Jinja kuniposea msichana ambaye sijawahi hata kusikia kicheko chake. Baba kakubali kunisikiliza mara moja ya mwisho, leo, tukitoka hapa. Akitoka na furaha, nitamwambia aliyemfurahisha ni wewe. Hataweza kukataa."

"Ulishamwambia dini yenyewe inaruhusu?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha. Mwanamume wa Kiislamu anaweza kuoa binti wa watu wa Kitabu. Nilipomkumbusha, akaniambia, 'Inaruhusiwa, lakini si nyumbani kwangu.'"

Nilijimiminia kinywaji kutoka kwenye chupa yangu: tangawizi na limau, bila majani. Bila hicho koo langu halimalizi filamu. Chupa yenyewe ina kikombe kimoja tu, kile kifuniko chake. Nikampa Shakib, akanywa, akanirudishia, nikanywa pale pale alipoweka midomo yeye. Tukatazamana. Kwa dakika ile ningeweza kufunga mlango na kuisahau Kampala yote.

"Shakib," nikasema, "baba yako anaisimuliaje hii hadithi?"

"Si unaijua? Kuna tajiri mwenye binti mzuri. Fundi saa anajifanya mstaarabu, anataka binti, kumbe kaiba saa ya dhahabu ya yule tajiri. Tajiri anamshtukia mlangoni, anaichukua saa yake, anamfukuza. Baba anasema hiyo ndiyo filamu pekee inayofundisha mzazi kulinda nyumba yake."

Nilijua litakuja.

"Hakuiba," nikasema.

"Nani?"

"Fundi saa. Nimeitazama wiki nzima nikijiandaa, Shakib. Kiingereza chao ni cha zamani lakini kinaeleweka. Yule kijana kaletewa saa imekufa, kaitengeneza, kaileta mwenyewe mpaka nyumbani. Tajiri anafurahi, anamkaribisha, halafu anamuuliza anasali wapi. Kijana anasema kwa Wakatoliki. Na mji wote ule ni wa Waprotestanti. Basi. Anafukuzwa kwa hilo, hakuna lingine."

Shakib alikaa juu ya meza yangu, juu ya nyaya. "Lakini Baba alitafsiriwa na mtu. Mzee mmoja, Ongom, alikuwa anasimama na fimbo kando ya pazia. Kila siku anamtaja."

"Huyo Ongom alitunga."

Nje Darlène aligonga mbao. "Vera, batu banajaa, tuanze sasa."

Shakib akashuka mezani. Nikaona usoni mwake atakalosema kabla hajasema.

"Itafsiri kama Ongom," akanong'ona. "Leo tu. Mwache awe mwizi."

"Unajua unaniomba nini?"

"Najua. Nakuomba uniokoe na Ijumaa."

"Unaniomba niketi hapa, mimi niliyenyweshwa kwenye plastiki, niwaambie watu wote hawa kwamba yule kijana alistahili kufukuzwa. Kwa mdomo wangu."

"Ni filamu tu, Vera."

"Kwa baba yako si filamu tu, ndiyo maana unaniomba." Sikujua kama ni hasira au woga wa kumpoteza. "Toka nianze kazi. Toka, Shakib."

Alitoka. Mlangoni akageuka, akanitazama kwa kirefu, na sikuona lawama machoni mwake. Ingekuwa heri ningeiona.

Taa zikazimwa. Nikavuta pumzi, nikafungua maikrofoni.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu. Nilikuwa na joto la ugomvi mwilini na lote likaingia kwenye sauti. Nilimfanya tajiri aongee puani, watu wakacheka. Nilimfanya fundi saa awe na haya, kila akimwona binti anajikwaa maneno, na kina mama wa Kisumu na Busia waliokaa katikati wakaanza kumsaidia: "Sema tu, mwanangu, atakukubali." Kumbi zetu ndivyo zilivyo, watu wanaongea na filamu na wewe unawajibu. Kupitia kioo niliona kofia ya Mzee Uthman ikitikisika. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanapanda. Kando yake Shakib hacheki. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Halafu ikaja sehemu ya mlangoni.

Kijana anamkabidhi tajiri saa. Tajiri anaiweka sikioni, inalia tiki-tiki, anatabasamu. Binti amesimama kwenye ngazi na mikono kifuani. Tajiri anauliza swali lake. Midomo ya kijana inafunguka.

Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja. Kwa upande mmoja, neno "niliiba", na nyuma yake Shakib, harusi, na watoto wenye macho yale. Kwa upande wa pili, kweli. Nataka niseme nilichagua kwa ushujaa, lakini sivyo. Ulimi ulikataa tu. Nilikuwa nimemvaa yule kijana muda wote ule na sikuweza kumvua katikati ya mlango.

"Nasali kwa Wakatoliki, bwana," nikasema.

Tajiri akatoa leso, akaifuta saa pale kijana alipoishika. Nikasema maneno yake polepole, bila sauti ya puani safari hii: "Ahsante kwa kazi. Watu wa dini yako hawaingii kwangu. Pitia mlango wa nyuma, na usirudi."

Kisha mstari wa mbele kofia ikainuka.

"Hapana," akasema Mzee Uthman. "Hapana, wewe VJ, siyo hivyo. Yule ni mwizi."

Nikasimamisha filamu. Uso wa kijana ukabaki umeganda ukutani, mkubwa, na macho yamejaa maji.

"Si mwizi, Mzee," nikasema kwenye maikrofoni. "Saa ilikuwa imekufa, kaitengeneza."

"Na ile leso? Ongom alituambia anafuta vidole vya mwizi."

"Anafuta mkono wa Mkatoliki."

"Kwani huyo tajiri mwenyewe dini gani?"

"Mkristo, Mzee. Mprotestanti."

"Kumbe wote Wakristo?" Akageuka nyuma kuwatazama watu, kama anayetaka mashahidi. Wengine wakaanza kucheka, na yeye mwenyewe akacheka kwa mshangao. "Sasa wanakataana nini? Mungu mmoja, kitabu kimoja. Huo si ujinga? Huyo mzee kamjua lini huyo kijana hata amfutie saa?"

"Hamjui," nikasema. "Hakumuuliza chochote kingine."

Kicheko chake kilikatika. Hakuna aliyejua kwa nini isipokuwa watu wawili mle ndani, mmoja kibandani na mmoja kando yake. Alisimama pale mbele ya ule uso wa ukutani, mkono mmoja umeshika kiti. Nikamwona Shakib anainuka ili amshike, na Mzee anamzuia kwa kiganja.

"Endelea," akasema, akakaa.

Niliendelea, ingawa sijui nilisema nini. Najua binti aliteremka ngazi, akapita mlango wa nyuma bila koti, akamfuata kijana wake kwenye theluji. Najua tajiri alibaki na saa yake inayotembea vizuri, akaenda kuufungua mlango wa mbele, akakuta barabara tupu. Muziki ukapanda. Darlène akafungua madirisha, jua la alasiri likaingia, watu wakatoka wakibishana kwa sauti nani mwenye makosa.

Nilikuwa nakusanya nyaya zangu, natazama mikono yangu ili nisitazame mlango, ulipofunguliwa.

Alikuwa Mzee Uthman. Nyuma yake Shakib, amepauka.

Mzee alinitazama. Akaitazama maikrofoni, kisha akanitazama tena.

"Ni wewe," akasema.

"Shikamoo, Mzee."

Alichelewa kuitikia mpaka nikasikia boda boda zikipiga honi barabarani.

"Marahaba." Akaingia, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa. "Nirudishie pale. Mlangoni."

Nikamrudishia, kwenye kompyuta, kioo kidogo. Hakutaka nitafsiri. Alimtazama tajiri akifuta saa, akanionyesha kwa kidole nirudishe tena, nikarudisha. Leso ilipita juu ya ile saa, ikapita tena.

"Miaka yote nimewasimulia watoto wangu," akasema. "Ongom alitudanganya."

"Labda aliona ukumbi umejaa watu wa kila dini, Mzee, akaogopa kuleta ugomvi."

"Na wewe hukuogopa?"

"Niliogopa sana."

"Mimi ndiye niliyemwomba adanganye, Baba," Shakib akasema. Macho hakuyashusha. "Nilitaka utoke na furaha. Akakataa. Na siku ile ya kikombe ni mimi niliyepaswa kusema, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Jinja siendi, Baba. Namtaka huyu."

Mzee Uthman hakugeuka kumtazama. Alikuwa bado ananitazama mimi.

"Umesema kule kwamba hakumuuliza chochote," akaniambia. "Mimi nilipaswa kukuuliza nini?"

Nilikuwa nimeyapanga majibu ya swali hilo usiku mwingi, makali yote, ya kumkata. Sasa ameliuliza, na uso wake umechoka hivyo, nikayaacha yote.

"Ungeniuliza ninakula nini, Mzee."

"Unakula nini?"

"Sisi ni Wasabato. Nguruwe sijawahi kumwonja. Nyanya yangu alikufa hajamwonja."

Nyusi zikampanda. "Pombe?"

"Hapana."

"Hata ya harusini?"

"Hata ya harusini. Kwetu hata majani ya chai hatutumii."

Nikaona jambo linamjia polepole, linapita usoni pake kama punje za tasbihi zikihesabiwa.

"Lakini kwangu ulikunywa chai," akasema. "Ulikunywa ukamaliza."

"Nilikunywa."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umenikaribisha, Mzee. Ningekataaje chai ya baba yake Shakib?"

Pale ndipo alipoinama. Alivua kofia yake mpya, akaiweka magotini, akaufunika uso kwa kiganja kimoja, na mabega yale yaliyokuwa yakipanda kwa kicheko yakapanda kwa jambo jingine. Shakib alinishika mkono, mbele ya baba yake, kwa mara ya kwanza, akauminya mpaka vidole vikaniuma. Nilitaka kulia, nikataka kucheka, nikataka kukimbia mpaka Nakasero na kurudi. Nilisimama tu.

Mzee aliponyanyua kichwa, koo lilimkauka, akakohoa. Juu ya meza kulikuwa na chupa yangu, na kikombe changu kimoja, nusu, na alama ya midomo ukingoni. Shakib akageuka haraka. "Ngoja, Baba, nikuletee maji ya chupa dukani."

"Maji ya nini?" akasema Mzee Uthman.

Akakichukua kikombe. Hakukipangusa. Akanywa mpaka chini, akakunja uso.

"Limau umezidisha, mwanangu."

Mwanangu.

"Nitapunguza, Baba," nikasema, na hilo "Baba" lilitoka lenyewe.

Alivaa kofia yake, akaiweka sawa, akasimama. Sasa alikuwa tena yule mwenye duka, mtu wa mipango. "Ijumaa wazee wamekwisha jiandaa kwa safari, hatuwezi kuwaambia wabaki nyumbani. Jinja nitapiga simu leo, nitaomba radhi mimi mwenyewe. Kisumu ni mwendo gani?"

Nikajibu mimi. "Ukiondoka alfajiri, mchana umefika."

"Na mama yako yupo?"

"Yupo, Baba."

"Anajua kwamba sisi ni Waislamu?"

"Anajua."

Mzee Uthman akanitazama kwa makini, na nikaona amesoma usoni mwangu yale yote ambayo Mama aliyasema kwenye simu. Akakirudisha kikombe changu juu ya chupa, akakikaza taratibu mpaka kikaingia sawasawa.

"Sasa niambie, mwanangu," akasema. "Mimi nikifika kwenu, nitanyweshwa kwenye kikombe gani?"

Nilimtazama Shakib, nikamtazama yeye. Siku hiyo nilikuwa nimekwisha kataa uongo mmoja, na wa pili ulikuwa mtamu zaidi ya ule wa kwanza, uko kwenye ncha ya ulimi wangu.

"Sijui, Baba," nikamwambia, nikatoa simu yangu kumpigia Mama.